Daftari la Shamba la Pamba: Jinsi Watumwa wa Marekani Walivyohesabiwa, na Jinsi ya Kuzisoma Hesabu Hizo

Tangu Umoja wa Afrika ulipoutenga mwaka 2025 kuwa mwaka wa kudai haki na fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, mazungumzo kuhusu utumwa yamerudi kwa nguvu redioni, vyuoni na katika makundi ya simu. Yamerudi pamoja na madai mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba fidia haiwezi hata kujadiliwa kwa kuwa hakuna kumbukumbu: watu walitumikishwa, wakafa, na hakuna aliyeandika lolote. La pili ni kwamba kumbukumbu zipo, na zinaonyesha kuwa mabwana waliwanunulia watumwa wao nguo, mablanketi na dawa, hivyo hali haikuwa mbaya kama inavyosimuliwa. Madai yote mawili yanatoka kwa watu ambao hawajaelezwa daftari la shamba lilikuwa kitu gani, liliandikwa na nani, na lilitumika kufanya nini. Nitalieleza kwa kutumia mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, ambako uandishi wa aina hii ulifikia kiwango cha juu sana katika miaka ya 1840 na 1850.

Kwanza tuwajue wahusika. Bwana ndiye mwenye shamba na mwenye watu, na mara nyingi, hasa aliyemiliki mashamba kadhaa, hakuishi shambani. Msimamizi alikuwa mwajiriwa, kwa kawaida Mzungu, aliyelipwa mshahara ili aendeshe shamba kwa niaba ya bwana. Chini yake alikuwepo mnyapara, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa mwenyewe, aliyepewa kazi ya kuwaongoza wenzake mashambani na kushika mjeledi. Daftari la shamba ni kitabu ambacho msimamizi alikiandika ili bwana akisome. Lilikuwa mazungumzo kati ya watu wawili kuhusu watu wengine wengi, ambao majina yao yamo lakini sauti zao hazimo.

Ukubwa wa jambo lenyewe pia unafaa kukumbukwa. Baada ya Eli Whitney kubuni mashine yake ya kuchambua pamba mwaka 1793, zao hilo lilienea kutoka Carolina Kusini na Georgia hadi Alabama, Mississippi, Louisiana na Texas. Mwaka 1808 sheria ilipiga marufuku kuingiza watumwa wapya kutoka nje, lakini idadi ya waliokuwamo ndani iliendelea kukua kwa uzazi, na kufikia mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilitegemea pamba yao kwa sehemu kubwa. Fedha nyingi kiasi hicho haziendeshwi kwa kukisia, na ndiyo maana karatasi zikawa nyingi.

Ukurasa uliofunguliwa mara nyingi zaidi ni ule wa pamba iliyochumwa. Upande wa kushoto yameandikwa majina, moja chini ya jingine: majina ya kwanza tu, bila ukoo. Mbele ya kila jina kuna safu sita, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mwishoni safu ya jumla ya wiki. Msimu wa kuchuma ulianza mwishoni mwa kiangazi cha kule, yaani Agosti au Septemba, ukaendelea hadi Desemba na wakati mwingine ukavuka mwaka. Jioni, giza likiwa limeshaingia, makapu yalipelekwa kwenye jengo la kuchambulia pamba, yakatundikwa moja moja kwenye mizani, uzito ukatajwa, ukaandikwa kwenye kibao, na baadaye ukanakiliwa daftarini. Kwa siku sita za juma shamba lenye wachumaji 50 lilizalisha tarakimu 300, na kwa msimu mzima maelfu.

Mkulima wa Shinyanga au Simiyu anayepeleka pamba yake kupimwa kwenye chama cha ushirika anaujua wasiwasi wa kuitazama mizani ikitulia. Lakini yeye ana stakabadhi yake mkononi, na kilo zikiwa nyingi malipo yanaongezeka. Mchumaji wa Mississippi hakuwa na nakala ya chochote, na katika majimbo kadhaa sheria ilikataza hata kumfundisha kusoma na kuandika. Louisiana na Carolina Kaskazini zilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 1830. Tarakimu iliyoandikwa mbele ya jina lake ilikuwa na maana moja tu kwake, nayo ilijulikana usiku uleule.

Hapa tuna shahidi. Solomon Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, akakaa utumwani hadi Januari 1853, na mwaka huohuo akachapisha masimulizi yake. Anaeleza kwamba mtu aliyepelekwa kuchuma pamba kwa mara ya kwanza alichapwa siku ile ili achume kwa kasi yote aliyonayo. Jioni pamba yake ilipimwa, na uzito huo ukawa kipimo chake. Kila siku iliyofuata alipaswa kuufikia, na akipungukiwa alichapwa. Akizidisha kwa ratili kumi au ishirini, huenda kipimo cha kesho kikapandishwa. Kwa hiyo hakuna aliyelisogelea jengo la mizani bila hofu, awe amechuma kidogo au amechuma kingi. Kiwango cha kawaida shambani hapo kilikuwa ratili 200 kwa siku, yaani karibu kilo 90. Northup mwenyewe hakukimudu.

Jambo hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Tumezoea kudhani kwamba kumbukumbu huja baada ya tukio: kazi inafanyika, kisha karani anaandika kilichofanyika. Katika shamba la pamba tarakimu ya leo ndiyo iliyoamua kazi ya kesho na adhabu ya kesho. Daftari lilikuwa mojawapo ya zana za shamba, kama jembe na mjeledi, na mjeledi ulifuata lilichosema. Ndiyo maana baadhi ya wachumaji waliificha nguvu yao tangu siku ya kwanza, na wengine, kama walivyosimulia baadaye, walilowesha pamba au waliweka mawe chini ya kapu ili uzito ufike. Waliijua vizuri nguvu ya ile karatasi ambayo hawakuruhusiwa kuisoma.

Ukurasa wa pili unahesabu watu wenyewe, na hapo ndipo msomaji wa leo hushtuka. Mwanamume mwenye afya na nguvu alihesabiwa kuwa nguvu kazi kamili. Mtoto aliyeanza kwenda shambani alikuwa robo, na akikua akawa nusu, kisha robo tatu, kisha mzima. Mzee alishuka kwa ngazi zilezile. Mwanamke mwenye ujauzito mkubwa au anayenyonyesha angeweza kushushwa kutoka mzima hadi nusu, kisha akapandishwa tena. Shamba lenye watu 60 liliweza kuandikwa kuwa na nguvu kazi 35, na bwana akagawa marobota yaliyopatikana kwa idadi hiyo ili ajue kila nguvu kazi imezalisha marobota mangapi. Kipimo hicho cha marobota kwa nguvu kazi ndicho mabwana walichojivunia wao kwa wao, na ndicho kilichompandisha au kumwangusha msimamizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 kazi hii ilipata kitabu chake cha kuchapwa. Thomas Affleck, mzaliwa wa Uskoti aliyehamia Mississippi karibu na mji wa Natchez, alitengeneza daftari maalumu la mashamba ya pamba, lenye kurasa zilizokwisha kupigwa mistari na kuwekewa vichwa vya habari. Lilitolewa kwa ukubwa tofauti: kwa mashamba yenye wafanyakazi wasiozidi 40, kwa wasiozidi 80, na kwa wasiozidi 120, na mashamba ya miwa yalikuwa na toleo lake. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa matukio ya kila siku, wa pamba iliyochumwa, wa wanyama na zana, wa nguo na vifaa walivyogawiwa watumwa, wa waliozaliwa na waliokufa, wa ziara za daktari, na mwishoni mizania ya mwaka mzima. Msimamizi alijaza, bwana akafunga hesabu.

Katika kitabu hicho kulikuwa na orodha ya watumwa wote, na mbele ya kila jina umri na thamani yake kwa dola mwanzoni mwa mwaka, kisha thamani yake mwishoni. Kuna maneno mawili ya uhasibu tunayohitaji hapa. Uchakavu ni kupungua kwa thamani ya mali kadiri inavyotumika, kama vile gari linavyoshuka bei kila mwaka. Kinyume chake ni kupanda kwa thamani. Tuseme, kwa mfano tu, kijana wa miaka 15 aliandikiwa dola 600 mwezi Januari na dola 700 mwezi Desemba, kwa sababu ameongezeka nguvu. Dola 100 zile ziliingia kwenye faida ya bwana ingawa hakuuza chochote. Mzee aliyeandikiwa dola 200 akashuka hadi 150 aliingia upande wa hasara. Mtoto aliyezaliwa mwezi Mei alikuwa ongezeko la mtaji kabla mama yake hajarudi shambani. Bwana aliyeifuata fomu hadi mwisho aliweza kuona kwa mstari mmoja kama mwaka umempa faida, akijumlisha pamba na watu pamoja.

Kwa hiyo ile dhana kwamba mashamba ya watumwa yalikuwa ya kizamani, yakiendeshwa kwa kelele na mijeledi bila akili ya kibiashara, huku uendeshaji wa kisasa ukizaliwa viwandani kwa watu huru, haisimami. Viwanda vingi vya wakati ule havikuwa bado vikihesabu uchakavu kwa utaratibu. Mwenye shamba alikuwa na sababu ya kufanya hivyo: mwenye kiwanda hakummiliki fundi wake, lakini mwenye shamba alimmiliki mchumaji, pamoja na wajukuu wake ambao hawajazaliwa. Mjeledi na uhasibu vilikaa meza moja bila ugomvi wowote, na sioni heshima yoyote kwa uhasibu katika kulificha hilo.

Hesabu hizo zilitoka nje ya shamba pia. Mtu aliyeandikiwa bei angeweza kuwekwa rehani, yaani bwana akakopa fedha benki na kumtaja mtu huyo kuwa dhamana, na deni lisipolipwa benki ikamchukua. Mwaka 2005 benki ya JPMorgan Chase, ikilazimika kufuata kanuni ya jiji la Chicago inayotaka kampuni zitaje uhusiano wao na utumwa, ilikiri kwamba benki mbili za Louisiana ambazo baadaye ziliingizwa katika historia yake zilipokea watumwa wapatao 13,000 kama dhamana kati ya mwaka 1831 na 1865, na ziliishia kuwamiliki wapatao 1,250 baada ya wakopaji kushindwa kulipa. Taarifa hiyo haikutoka katika masimulizi ya mdomo. Ilitoka katika karatasi za benki zenyewe.

Kiungo cha pili kati ya shamba na dunia ya nje kilikuwa bei. John Brown, aliyetumikishwa Georgia, akatoroka utumwani na kusimulia maisha yake London mwaka 1855, alisema kwamba bei ya pamba ilipopanda katika soko la Uingereza, hata kwa kiasi kidogo sana, watumwa waliihisi mara moja, maana walisukumwa zaidi na mjeledi haukutulia. Na pamba hiyo ilifika hata kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kitambaa hicho, kilichoitwa marekani, kilikwenda bara na misafara kikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 na kuvuruga ugavi wake. Kwa hiyo kitambaa kilichotokana na jasho la watumwa upande mmoja wa bahari kilisaidia kununua watumwa upande wa pili.

Sasa turudi kwenye dai la pili, la dawa na mablanketi. Ni kweli kwamba madaftari yanaonyesha vitu hivyo, na mtu akiona malipo ya daktari katika kila ukurasa anaweza kudhani anasoma habari za huruma. Lakini ukurasa huohuo unaandika gharama za kumtibu nyumbu. Mali yenye thamani hutunzwa ili izalishe, na utunzaji huo hukoma pale hesabu inaposema hauna faida tena. Hoja kwamba hakuna anayeharibu mali yake mwenyewe inasahau kwamba kipigo, katika hesabu za shamba, hakikuwa uharibifu. Kilikuwa njia ya kupata ratili zaidi. Lau tungewekewa daftari la Edwin Epps, aliyemmiliki Northup, tungetarajia kuona tarakimu kubwa kuliko zote mbele ya jina la Patsey, msichana ambaye Northup anasema aliweza kuchuma ratili 500 kwa siku, zaidi ya kilo 220. Safu ya pamba ingetuambia kwamba hapo shambani hapakuwa na aliyemshinda. Isingetuambia kwamba Epps alimwingilia kwa nguvu, wala kwamba mke wa Epps alimchukia kwa hilo, wala kwamba alifungwa kwenye vigingi akachapwa hadi akakaribia kufa kwa sababu alikwenda shamba la jirani kutafuta sabuni.

Hata kile kilichoandikwa wazi kinahitaji kusomwa kwa uangalifu, na mfano bora ni wa Bennet Barrow, mwenye shamba la pamba Louisiana. Huyu aliandika shajara, na ndani yake akaweka orodha ya makosa na adhabu za watumwa wake kwa kipindi cha takriban miaka 2 kuanzia mwaka 1840. Mwaka 1974 wanauchumi Robert Fogel na Stanley Engerman waliichukua orodha hiyo, wakagawa idadi ya vipigo kwa idadi ya wafanyakazi, wakapata wastani wa kipigo 0.7 kwa kila mmoja kwa mwaka. Ukiisoma namba hiyo peke yake unaona kwamba mtumwa wa kawaida hakupigwa hata mara moja kwa mwaka. Mwanahistoria Herbert Gutman alizichukua takwimu zilezile akazigawa kwa siku, akaonyesha kwamba katika shamba lile mtu mmoja alichapwa kila baada ya siku nne au tano. Tofauti kubwa iko katika swali. Kipigo cha hadharani hufanywa ili waonao waogope, kwa hiyo kipimo kinachofaa ni mara ngapi watu walikishuhudia, na wastani wa kila mgongo haujibu hilo. Juu ya hayo, orodha yenyewe iliandikwa na mpigaji, na ina yale tu aliyoona yanafaa kuandikwa.

Mjadala mwingine bado unaendelea. Watafiti Alan Olmstead na Paul Rhode walikusanya kumbukumbu za uchumaji kutoka mashamba 142 na kuonyesha kwamba kiasi alichochuma mtu kwa siku kiliongezeka takriban mara nne kati ya mwaka 1801 na 1862. Wao wanaeleza ongezeko hilo zaidi kwa mbegu mpya, hasa zilizotokana na aina za Mexico, ambazo vitumba vyake vilikuwa vikubwa na rahisi kuchuma. Wengine wanasema ni mateso yaliyopangwa kwa kipimo, kila mwaka yakipandishwa. Mimi naona ushahidi wa mbegu ni mzito, na naona pia kwamba haumwondolei mtu yeyote lawama. Mbegu bora ilifanya ratili 200 ziwezekane. Ila aliyeamua kwamba lazima zifike, na litakalotokea zisipofika, ni yule aliyeshika daftari.

Lipo bado dai la kwanza, kwamba hakuna kumbukumbu. Jibu ni kwamba zipo nyingi, ila zilitunzwa kwa ajili ya mwenye mali, na ndivyo zilivyotumika pale utumwa ulipofutwa. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mengi kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia mabwana, na deni lililotokana na malipo hayo lilimalizwa mwaka 2015. Utumwa ulipofutwa katika jiji la Washington Aprili 1862, mabwana waliokuwa watiifu kwa serikali waliomba malipo ya hadi dola 300 kwa kila mtu, wakieleza katika maombi yao majina, umri na sifa za waliowaachia huru. Zanzibar, amri ya mwaka 1897 nayo iliwafidia mabwana. Kwa hiyo wanaosema kwamba kuhesabu fidia ya utumwa ni jambo lisilowezekana wanapaswa kujua kwamba hesabu hiyo imeshafanywa zaidi ya mara moja, na waliolipwa ni wale waliomiliki.

Kwa wazao wa waliomilikiwa, safari ya kuzifikia karatasi hizo ni ngumu kwa sababu maalumu. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 zilikuwa na orodha tofauti ya watumwa, iliyotaja jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, lakini karibu kila mahali bila jina lake. Wengi walitajwa kwa jina na ukoo katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Mtu anayetafuta babu zake hufika mwaka huo akakuta ukuta, na kinachoweza kumvusha ni karatasi za bwana: hati ya mirathi, hati ya mauzo, rehani, au daftari la shamba. Ukurasa wa mablanketi, ambao ulionekana kuwa wa kuchosha, hugeuka kuwa muhimu kuliko yote, kwa sababu baadhi ya mashamba yaligawa mablanketi kwa familia, na hivyo majina ya mama na watoto wake yakaandikwa pamoja. Ukurasa wa waliozaliwa hutaja mama, mara chache baba.

Kazi hiyo imeshafanyika. Mwaka 1838 Wajesuti wa Maryland, watawa wa shirika la Kikatoliki na wamiliki wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Georgetown, waliwauza watu 272 kwenda Louisiana kwa dola 115,000, na orodha za mauzo zilizoandikwa ili kumlinda mnunuzi ndizo zilizowawezesha watafiti, kuanzia miaka ya 2010, kuwatambua maelfu ya wazao wao, wengi wakiwa bado wanaishi Louisiana. Mwaka 2016 chuo kilitangaza kwamba wazao hao watapewa kipaumbele katika kuomba nafasi ya masomo. Mengi ya madaftari ya mashamba ya pamba yako katika maktaba za vyuo vikuu vya kusini, kama vile Chapel Hill huko Carolina Kaskazini na Baton Rouge huko Louisiana, na baadhi yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, ambako mtu yeyote, hata aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, anaweza kuufungua ukurasa wa pamba, kuliona jina, na kulifuata kutoka Jumatatu hadi Jumamosi.